Vikanyagio vya Xavery

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nguruwe pori wameingia tena shambani. Mihogo imefukuliwa ovyo, mingine hata haikuliwa. Imeng'atwa tu na kutupwa. Dharau!

Deodata, mke wangu, akaanza kuokota vipande vilivyong'atwa, kimoja kimoja. Niliumia kuliko kama angenisema. Mihogo hiyo ndiyo ugali wetu mpaka mvua zijazo, na shamba lingine hatuna.

Jioni akaja jirani Gervasi, mwenye mbwa na wavu wa kuwindia. Pole nyingi, meno yote nje. Akasema Jumamosi ataleta msako kwangu, ila nisisahau utaratibu: anayesaidiwa hubeba wavu wa kundi lake la wasasi mpaka mvua zianze. Yaani Gervasi mbele na mkuki, mimi nyuma na wavu begani, kijiji chetu chote cha Murusagamba kikitazama. Mimi, niliyemfundisha huyo Gervasi kuimba besi kwenye kwaya! Nikamwambia ahsante, shamba hili lina mwenyewe.

Deodata akasema ananipa mpaka Jumamosi. Baada ya hapo atamwita Gervasi yeye mwenyewe. Sawa. Jumamosi ni mbali.

Jumanne, 9 Julai

Nimepata njia! Kwenye simu ya Alfonce, fundi baiskeli, nimeona mtu wa ng'ambo akiwinda huku amekaa mtini. Hana jukwaa wala ngazi. Amekalia mkanda mpana uliofungwa kwenye shina, na miguu imetulia kwenye vitanzi vya kamba. Mnyama anapita chini na wala hajui. Alfonce akasema vifaa hivyo huagizwa nje. Nikamuuliza kama migomba nayo tunaagiza nje.

Mkanda nimeshona kwa gunia la kahawa. Vikanyagio nimesuka kwa kamba za mgomba, vitanzi viwili, kimoja kila mguu. Vizuri ajabu. Nikaenda kujaribu kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba. Nikapanda. Nikakaa. Nikajisifu. Kisha gome likabanduka. Kiangazi mkaratusi hubambuka magome, kila mtu anajua, hata mimi. Vikanyagio vikateleza na nikabaki kichwa chini, miguu juu.

Hapo hapo akapita Mzee Desderius. Mtu mzima hakatizwi salamu. Nikamwamkia shikamoo huku naning'inia. Akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za kahawa, za mama mkwe. Zote nikasema nzuri. Nikauliza za kwake, maana ndiyo adabu, naye ana mgongo, na mgongo huo una historia. Nilipotaka kuomba msaada alikuwa ameshaniaga. Bahati gunia likachanika lenyewe.

Kosa ni la mti, si la vikanyagio.

Jumatano, 10 Julai

Hujuma! Vikanyagio nilivitundika ukutani jikoni, asubuhi vimebaki vifundo. Mbuzi kavila. Nikaenda moja kwa moja kwa Gervasi kumwambia afunge mifugo yake. Akanijibu kwa upole kwamba mbuzi aliyefuatana nami, mwenye kamba mdomoni, ni wa kwangu.

Nimemwona mbuzi huyo akitazamana na Gervasi. Wanajuana.

Nimeanza upya kwa katani. Katani hailiwi na mtu.

Alhamisi, 11 Julai

Leo ilikuwa kukamua ndizi za urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Mdogo wake Deodata, Anneth, anabatiza mtoto, na pombe inatoka kwetu. Nikaitwa kukanyaga ndizi kwenye mtumbwi wa kukamulia, maana nina miguu mipana. Nikakubali haraka mno, mpaka Deodata akanishuku.

Nilikuwa na akili yangu. Kamba mpya ya katani hulegea. Ikilowa halafu ikakauka, fundo linakaza kama jiwe. Kwa hiyo nilikanyaga ndizi nikiwa nimevaa vikanyagio! Kazi mbili kwa wakati mmoja. Juisi ikaingia kila uzi. Deodata alipoona alinitoa mtumbwini kwa mwiko. Akasema pombe ya ubatizo haichujwi kwa kamba za wazimu. Wanawake waliokuwa wanakata nyasi za kukamulia wakacheka mpaka wakakaa chini.

Wacheke. Mafundo yamekaza.

Ijumaa, 12 Julai

Naandika nimelala kifudifudi. Sababu itaonekana.

Jua likielekea kuzama nilipanda mparachichi ulio ukingoni mwa mihogo. Gome kavu, halibanduki. Gunia jipya, vikanyagio imara, mkuki mkononi. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilikaa kama padri mkuu. Kwa muda mfupi nilikuwa na furaha kamili.

Kisha siafu. Wamenusa ndizi. Walianzia vidoleni, wakapanda kwa mpangilio kuliko kwaya yetu. Sikupiga kelele. Mwindaji hapigi kelele. Walipofika kwenye gunia nikapiga kelele.

Mkuki ukaanguka, ukachoma ardhi. Na pembeni ya mkuki, nguruwe! Dume, jeusi, limekuja lenyewe. Mkia wa kamba yangu ulining'inia chini, umejaa utamu wa ndizi. Akaushika akaanza kuutafuna. Mimi juu navuta, yeye chini anavuta. Hakukimbia kelele zangu, alikuwa anakula. Akavuta kikanyagio kimoja kikatoka na ndala, kisha cha pili. Nikabaki nimening'inia kwenye gunia, siafu juu yangu, nguruwe chini yangu.

Gervasi alisikia akiwa anarudi na mbwa wake. Alimkuta nguruwe bado anatafuna, akamchoma mkuki mmoja tu. Kisha akanyanyua uso.

"Xavery," akasema, "wewe ndiye chambo bora niliyewahi kuona."

Jumamosi, 13 Julai

Nguruwe amegawanywa. Nilidai kichwa, kwa sababu aliyemleta nguruwe ni mimi, kwa miguu yangu mwenyewe. Wazee wakakaa, wakajadili, wakasema wavu. Mkuki ni wa Gervasi, shamba ni langu, basi nimesaidiwa. Nianze kubeba kesho baada ya misa.

Nikamwambia Deodata kwamba sikumwita mtu. Akasema niliita kijiji kizima, hata kijiji jirani cha Kibimba walisikia. Alikuwa anacheka, lakini usiku alinipaka mafuta mgongoni, akasema anashukuru mihogo imepona. Nilitaka kusema kitu kizuri. Nikasema tatizo lilikuwa katani.

Jumapili, 14 Julai

Naandikia mtini, daftari gotini. Mparachichi ule ule, tawi la juu zaidi.

Sikubeba wavu. Misa ilipoisha nilitoka mlango wa pembeni. Jana Alfonce alinipa mpira wa ndani wa baiskeli, na vikanyagio vya mpira havivuti siafu, haviliwi na mbuzi, haviteremki gomeni. Nguruwe yule hakuwa peke yake, nina uhakika. Nitamuua mwenzake kwa mkono wangu, na deni la wavu litafutika.

Wasasi walipita chini wakaniita. Nikajivutia majani usoni. Gervasi akaweka wavu kwenye shina la mti wangu, akasema wavu utanisubiri hapo.

Deodata amekuja sasa hivi. Amesimama chini, mikono kiunoni.

"Ugali umeiva, wa mihogo yako mwenyewe," akasema. "Shuka ule, baba."

Nikamjibu kwamba mwindaji hashuki kwa sababu ya ugali. Hilo ni kweli. Kweli nyingine naiandika hapa tu: mpira umejikaza vifundoni mwa miguu, yote imekufa ganzi, na fundo silifikii. Akauliza amwite Gervasi na ngazi yake. Nikasema thubutu. Akaondoka bila kugeuka.

Sasa nasikia anaongea na mtu kule kwa Gervasi. Hainihusu. Nimeshapata wazo la vikanyagio vya kulalia.