Picha Halali ya Mkuu wa Monasteri

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Gyantse, Tibet, kwamba, kuanzia leo, ni marufuku kuwa na picha yoyote ya Mkuu wa Monasteri aliyekimbilia Mongolia, isipokuwa picha halali iliyotolewa na Serikali. Atakayeibandua au kuichana picha halali atafungwa miezi sita, hata awe nani.

Tangazo hilo nililitafsiri mimi, Rabgye, mkalimani mkuu wa Kapteni Pelham, Mwingereza aliyeuteka mji wetu. Wakalimani wengine hatuna, lakini mkuu ni mkuu.

Picha halali ilitoka kwenye gazeti la Wafaransa, nakala sitini, kwa rangi. Juu mlimani Mkuu wetu anatoroka amepanda nyumbu mweupe, jua linazama nyuma ya kichwa chake. Chini yuko Kapteni: uso mwekundu, meno nje, upanga mkononi, na nyuma yake mji unawaka moto. Lengo, kwa mujibu wa waraka, lilikuwa kuwapunguzia wananchi heshima isiyo ya lazima kwa mtu aliyekimbia.

Zoezi la kukusanya picha haramu lilikwenda vizuri sana. Ya kwanza niliichukua madhabahuni kwa Mama Pelkyi, dada yake Mkuu, ajuza wa miaka sabini na kitu. Nilijua ilipo kwa sababu nimekunywa chai ya siagi mbele ya picha hiyo tangu utoto.

"Rabgye, we mtoto nimekuogesha mwenyewe," aliniambia. "Sina kingine cha kaka yangu. Sasa taa nimwashie nani?"

"Utapewa halali, mama. Bure."

Niliona haya, sitaficha. Ila haya haina fomu yake ofisini.

Nilipompelekea ile halali aliitazama weee. "Ndevu hizi kazitoa wapi?"

"Safarini, mama."

"Na hii pua?"

"Baridi ya huko."

Akaitazama tena kuanzia juu hadi chini. Kisha akaivika kitambaa cheupe cha heshima, akawasha taa. Kufikia siku ya tatu mji mzima ulikuwa unazisujudia picha zetu. Kapteni alifurahi mno. Aliandika kwa wakubwa wake kwamba wenyeji wanampenda, nao wakaamuru nakala elfu moja zaidi, kila nyumba ya bonde ipate yake.

Basi akataka kulisikia penzi hilo kwa masikio yake. Tukaenda kwa Mama Pelkyi.

"Muulize wananipendea nini."

Mama akanyoosha kidole, akaisoma picha kama wachoraji wa hekaluni wanavyofundisha. "Aliye juu, mwenye jua kichwani, ndiye bwana. Huyu wa chini, mwekundu, meno nje, moto mgongoni, ni shetani. Kaka yangu kamshinda, kamwapisha, kamfanya bawabu wake. Hatuna malalamiko naye, anajitahidi."

Nilitafsiri yote. Kazi ni kazi.

Kapteni akaamuru picha zote zibanduliwe mara moja. Nikamkumbusha, kwa unyenyekevu, ile miezi sita, na zile nakala elfu zilizokuwa njiani kwa amri ya wakubwa. Akakaa juu ya gunia la shayiri bila kukaribishwa.

"Muulize," alisema baadaye, sauti imemshuka, "huyo bawabu analinda mpaka lini?"

"Mpaka mwenye nyumba arudi," akajibu Mama Pelkyi. Akajaza bakuli pombe ya shayiri, akaliweka chini mbele ya buti za Kapteni, kama mabawabu wa hekaluni wanavyowekewa sadaka. "Mwambie anywe. Akimaliza, arudi mlangoni."