Picha Haina Mgongo

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Daktari amesoma karatasi ya vipimo, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Sukari imepanda. Amenipa wiki mbili nibadilishe chakula. La sivyo ni sindano, kila siku, tumboni, na nitajichoma mwenyewe. Mimi! Mimi ambaye nikiona sindano ya kushonea nguo nageuza uso!

Vilivyokatazwa: keki, soda, chipsi, mkate mweupe, sukari kwenye chai. Nikamkumbusha kwamba kazi yangu ni kuuza keki. Nasimama kutwa nzima nyuma ya kabati la vioo, keki zinaniangalia. Akasema basi mimi nisiziangalie.

Mke wangu, Mama Pacha, alikuwa ubavuni mwangu, anaitikia kwa kichwa kila neno la daktari. Njia nzima alitembea ameikumbatia karatasi ya vipimo. Najua kwa nini. Baba yake aliondoka kwa sukari hiyo hiyo. Picha yake iko ukutani sebuleni, juu ya redio, na hakuna vumbi linaloruhusiwa kutua pale.

Nikamwahidi kwamba sukari itashuka. Nikamshika na mkono kabisa. Akatabasamu kidogo.

Chakula cha jioni: mboga za kuchemsha, yai moja, chai bila sukari. Nikaitazama sahani, nayo ikanitazama. Hakuna aliyemwonea mwenzake huruma.

Jumanne, 4 Machi

Mungu hamtupi mja wake!

Bosi anataka bango jipya mbele ya duka, kubwa, la kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara, lenye picha ya keki yetu. Hataki mpiga picha wa nje. Mfanyakazi yeyote anaweza kujaribu, na picha bora ndiyo itakayopanda juu. Atatugawia keki zilizopinda, zile zisizouzika, tukafanyie mazoezi nyumbani.

Keki. Nyumbani. Kwa sababu za kikazi!

Shemeji tayari anajiita mshindi. Huyu ni mdogo wake Mama Pacha, fundi wa kupamba keki kule jikoni kwetu. Ana kamera mpya, anaivaa shingoni hata akienda msalani. Na ni mimi niliyemwingiza kazini! Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani.

Jioni nimempa fundi simu wa mtaani kwetu redio yangu, naye kanipa kamera kuukuu. Na somo juu. Picha si kamera, kasema, picha ni mwanga. Mwanga mzuri ni wa asubuhi na mapema, na haukufuati kitandani. Lazima uutafute.

Mama Pacha akauliza redio iko wapi. Nikamweleza kwamba upigaji picha utanisahaulisha chakula, maana mtu mwenye kamera mkononi hana mkono wa kulia. Alifurahi mpaka akanibusu kwenye upara. Nimeona aibu kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Neno moja limenivua nguo hadharani.

Nimeamka alfajiri. Nimetoka pekupeku ili nisimwamshe Mama Pacha, kamera mkono huu, mkono huu sahani ya keki iliyofunikwa kitambaa. Mwanga wa kwanza huwa unatua chini ya dirisha la mama mwenye nyumba. Nikachuchumaa pale. Ulikuwa mzuri, laini, rangi ya asali! Nikapiga picha saba. Ukucha wangu umetokea katika sita.

Mwanamitindo wangu, yaani keki, akawa amemaliza kazi. Kumwacha aharibike ni dhambi. Nikafanya lililo sawa.

Bado natafuna, dirisha likafunguka. Mama mwenye nyumba akauliza nafanya nini chini ya dirisha lake saa hizo. Nikajibu ukweli mtupu, kwa adabu:

"Shikamoo mama. Natafuta mwanga."

Kumbe ukweli nao una siku yake. Kuna mwanga wa jua, na kuna mwanga yule anayezunguka usiku uchi akiroga watu. Mama mwenye nyumba akamchagua yule wa pili. Dirisha likafungwa kwa kishindo, na kufikia mchana ua mzima ulikuwa unajua kwamba Baba Pacha anasaka wachawi, na kwamba msako umemfikisha kwa mama mwenye nyumba.

Mama Pacha akaenda kuomba radhi. Akaelezwa kwamba mtu anayetembea pekupeku alfajiri na sahani iliyofunikwa, akatafuna kitu gizani, asimtafute mwanga mbali. Ajitazame.

Akarudi, akauliza sahani ilikuwa na nini. Nikababaika, nikasema nilikuwa na mwanamitindo. Kosa la pili kwa siku moja! Macho yake yalivyobadilika, nikaona heri nikiri. Ni keki, nikasema. Ya kupigwa picha tu. Alivyopumua kwa ahueni, hakuuliza hiyo keki ilikwenda wapi.

Hukumu: tangu leo, kila keki ikishapigwa picha inapelekwa kwa mama mwenye nyumba, kumtuliza moyo. Kila keki.

Ijumaa, 7 Machi

Maisha hayana ladha. Nimepeleka keki nzima kwa mama mwenye nyumba. Akaipokea. Amenuna, hasemi na mtu yeyote wa nyumba yetu, ila mkono wake haujanuna.

Kifungua kinywa kilikuwa tango. Tango! Mama Pacha mwenyewe anakula ninachokula mimi, eti nisijisikie mpweke. Kaikoroga chai yake isiyo na sukari, kijiko kikazunguka kwa mazoea tu.

Picha za leo: keki imetoka nyeusi kama tairi. Shemeji kazitazama, akasema kwa huzuni kwamba kifo cha keki ni kitu kibaya.

Jumapili, 9 Machi

Nimegundua! Nimegundua!!

Nilikuwa naipiga keki kwa mbele. Nikaenda nyuma yake kuokota kifuniko cha kamera, nikainama, tukawa ana kwa ana, mimi na mgongo wa keki. Nikajiuliza: huu mgongo nani anauona? Kamera haiuoni. Bosi hatauona. Wapita njia hawatauona. Picha haina mgongo!

Kijiko kikaingia. Nikarudi mbele, nikapiga picha. Keki nzima! Nikarudi nyuma, kijiko. Mbele, picha. Nzima! Nilipomaliza, ilibaki ukuta mwembamba wa krimu uliosimama kishujaa, nyuma hakuna kitu. Na katika picha ni keki ya harusi!

Kuhusu mama mwenye nyumba, nikamwambia huu ni mtindo mpya unaitwa keki ya mwezi mwandamo. Akaigeuza, akaitazama. Akavunja ukimya wake kwa mara ya kwanza, akasema enzi zao mwezi ulikuwa mkubwa zaidi. Kisha akafunga mlango.

Nina furaha mpaka nimekula na mboga zote za jioni bila kulazimishwa. Mama Pacha akanitazama kwa upendo. Kasema nimeanza kuwa na rangi.

Jumanne, 11 Machi

Naiva kisanaa, hakuna anayeweza kubisha. Sasa najua kuwasogelea vitu, kupiga magoti, kushika pumzi. Najua jua la mchana linaua picha na la jioni linaibembeleza. Jana nilisimama njiani nikitazama kivuli cha baiskeli ukutani mpaka mwenye baiskeli akaja kuichukua kwa mashaka. Nani alidhani kwamba dunia imejaa vitu vizuri hivi, na mimi miaka yote nilikuwa natazama keki tu?

Upande mmoja wa keki ulikuwa unatoka na giza. Fundi simu akanifundisha: weka nyuma yake kitu kinachong'aa, kitaurudisha mwanga. Nikalitoa kabatini lile birika tulilozawadiwa siku ya harusi, ambalo Mama Pacha hulitoa kwa wageni wa heshima tu. Linang'aa mpaka unaweza kunyoa ndevu ukijitazama humo.

Nikamsubiri aende sokoni. Keki mezani karibu na dirisha, birika nyuma yake. Kamera juu ya ndoo iliyopinduliwa, kidole kwenye kitufe, na mkono wa pili usikae bure, kijiko.

Picha imetoka kama ndoto. Krimu inameta, cheri inaita watu kwa majina yao. Nimeipenda mpaka nimesimama!

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya bosi kuchagua. Shemeji kaleta picha yake akiwa amesimama kando ya keki, mikono kaikunja kifuani, kidevu juu. Bosi akamuuliza anauza keki au anatafuta mchumba. Jiko zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilitoka nje kwanza, ndipo nikacheka.

Kisha akaishika yangu. Akakaa nayo. Akasema hiyo. Tu, neno moja. HIYO!

Shemeji kabaki anaitazama picha yangu kwa muda mrefu, karibu sana, jicho moja kalifumba. Wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, 15 Machi

Kliniki. Sukari haikushuka. Imepanda.

Daktari akamuuliza Mama Pacha anapika nini. Akataja kila kitu, mboga, maharage, samaki wa kuchoma, sauti ikizidi kuwa ndogo. Daktari akasema haelewi. Sindano zianze wiki ijayo.

Tumerudi nyumbani, kaenda moja kwa moja jikoni. Nimemkuta anazinusa chupa za viungo moja moja. Anadhani kuna kitu anachokosea. Anadhani ni mkono wake. Akaniuliza kama labda ni maharage, maana alimpikia baba yake pia maharage sana miezi ya mwisho.

Hapo ndipo ilipasa niseme. Mdomo niliufungua. Nikasema labda ni maharage.

Sikupata usingizi.

Jumatatu, 17 Machi

Bango limepanda. Nimevaa koti. Bosi kawaita wateja, majirani, hata mama mwenye nyumba kaja, na Mama Pacha kavaa gauni lake zuri kwa ajili yangu. Kitambaa kikavutwa.

Keki kubwa kama gari! Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kama wafanyavyo wakubwa.

Shemeji akasubiri makofi yaishe. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza saa:

"Shemeji, huyo kwenye birika ni nani?"

Watu wakatazama. Nami nikatazama. Kwenye kamera, birika lilikuwa dogo kama kidole gumba. Kwenye bango lina ukubwa wa mlango. Na ndani yake, wazi kabisa, mgongo wa keki umechimbwa kama pango, na nyuma ya pango nimechuchumaa mimi, macho nimeyafumba kwa raha, kijiko kimo mdomoni, krimu puani.

Mama mwenye nyumba akasema, kumbe huko ndiko mwezi ulikokuwa unakwenda.

Wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Bosi akacheka kuliko wote, akasema bango haliondoki, watu watatoka mbali kuja kuliona. Nikamtafuta Mama Pacha. Hakuwa anacheka. Alikuwa analisoma bango kama anavyosoma barua, kutoka juu mpaka chini.

Nikamfuata nyumbani. Nikamkuta sebuleni, amesimama mbele ya picha ya baba yake. Akasema bila kugeuka:

"Baba Pacha, unapiga picha vizuri. Nakupongeza. Lakini ukutani kwangu tayari nina picha moja ya mtu niliyempikia. Sitaki ya pili."

Nimelia. Naandika na sioni haya: nimelia kama mtoto, hata pua. Nikaungama vyote, keki baada ya keki. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa viatu, akarudi kwa daktari peke yake, akaniombea wiki moja zaidi bila sindano. Akaipata. Sijui alimwambia nini.

Nimeapa mbele ya picha ya mkwe wangu. Keki basi. Sitaigusa, sitaipiga picha, nitaiuza nikiwa nimefumba macho.

Jumanne, 18 Machi

Siku mpya, mtu mpya! Chai bila sukari, tango, yai. Nimemshukuru Mama Pacha kwa kila tonge, mpaka akaniambia inatosha, nimeze.

Na habari njema: bosi ana bango la pili! Duka linataka kuuza pia vyakula vya afya, na ameniomba mimi, kwa jina, nipige picha za mboga. Mboga! Mama Pacha kasikia, machozi yakamlengalenga. Akasema sasa hata kamera yangu imeokoka. Nikamshika mkono. Nilimaanisha kabisa.

Jioni nimeanza mazoezi na kabichi. Kabichi ni mwanamitindo wa ajabu! Pana, ina mikunjo, inameza mwanga na kuurudisha. Nimepiga magoti mbele yake karibu saa nzima. Nimeisogeza huku, nimeisogeza kule. Nikaenda na nyuma yake, kwa ajili ya kivuli tu.

Ni kubwa kweli, kabichi. Nyuma yake inaweza kukaa sahani nzima ya chipsi na isionekane hata ncha moja.

Nawaza kisanaa tu. Lakini nimekaa nikatafakari kwa makini yaliyonipata, kama mtu mzima, na nimekiona kosa langu liko wapi. Halikuwa keki. Lilikuwa birika.

Nimelirudisha kabatini, nimelifungia na ufunguo.