Shimo Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 6 Mei

Ofisi ya mtaa imetangaza shindano: uwanja wenye viumbe wa aina nyingi zaidi. Mimea, wadudu, ndege, vyote vitahesabiwa. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu na jirani yetu ukuta kwa ukuta, ameshaanza kutembea kifua mbele. Miti yake ina vibao vya majina! Mke wangu katoa hukumu mezani: nikishindwa, uwanja wetu atautunza kaka yake, na mimi nitakuwa mbeba maji wake. Nimbebee maji yule? Thubutu!

Jumanne, 7 Mei

Mpango: usafi. Nimefyeka kila jani la mbele. Nimepaka mawe chokaa. Nimepuliza dawa ya wadudu chupa mbili, mkaguzi asije akaumwa na kitu. Mke akauliza kama nimelisoma tangazo lote. Nimesoma kichwa. Kinatosha.

Akanikumbusha na shimo nyuma ya jiko, la ule mradi wangu wa samaki (walikufa wiki ya kwanza, si kosa langu). Miaka miwili ananiomba nilifukie. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Nimelizungushia mabati, aibu isionekane.

Jumatano, 8 Mei

Shemeji kachungulia ukutani, kacheka mpaka kashika mbavu. Eti hata sisimizi wamenihama. Wivu huo! Hata hivyo nimeazima bata kwa muuza mkaa, kuongeza hesabu. Bata kala ua pekee nililobakiza.

Ijumaa, 10 Mei

Siku gani hii! Mkaguzi ni mama wa miwani na daftari. Kwa shemeji kahesabu aina thelathini na moja. Kwangu: nyasi, aina moja. Bata wa kuazima hahesabiwi. Shemeji alikuwa ameshanishikia ndoo!

Mara chura akalia nyuma ya mabati. Akajibiwa na mwenzake. Mkaguzi akauliza kuna nini kule. Nikasema hakuna kitu, mama, ni uchafu tu. Akasukuma bati mwenyewe, akazama humo saa nzima. Matete. Vyura aina tatu. Kereng'ende wa kila rangi. Nyuki wa mwitu ndani ya gogo bovu. Ndege na kiota chake. Sitini na nne!

Akatoka na matope magotini, macho yanang'aa. Akasema kumbe mtaani yupo mtu anayejua kuyaacha maji na magugu yafanye kazi yake. Akaniuliza siri yangu. Nikajibu kwa unyenyekevu: subira.

Jumapili, 12 Mei

Cheti mkononi! Makofi! Shemeji kanipa mkono huku anatazama pembeni. Ndoo yake nimebaki nayo, nimeitundika sebuleni. Mwenye wivu ajinyonge!

Na bado. Jumamosi ijayo mitaa yote inakuja kujifunza kwangu. Sasa watu wa maana nitawapokeaje penye shimo na matope? Fundi analeta saruji Alhamisi. Tunafukia, tunasawazisha, meza katikati, cheti juu yake. Patapendeza mno.

Mke wangu kanishika mkono, ananisihi nisiliguse lile shimo. Ajabu! Nimemtuliza: mama watoto asihangaike tena, miaka miwili ameniomba, na leo nimemsikia.