Kampuni ya Umeme Ilivyonianika Msibani

Wandugu, leo nimeaibika msibani. Na msiba si wa jirani. Ni wa mama mkwe wangu.

Wanaonijua wanajua mke wangu Riziki ni wa Uvira na mimi ni wa Kigoma. Ziwa moja, ng'ambo mbili. Mama yake alifariki ghafla Jumanne. Aliamka mzima, akafagia uwanja, akakaa kupumzika, basi. Riziki hakuweza kusafiri. Pasi yake iko Uhamiaji, inasubiri kuongezwa muda. Amelia wiki nzima, chakula hagusi. Nikasema mimi ndiye mwanaume wa nyumba hii, lazima nifanye kitu.

Nikafanya. (Laiti ningekaa tu.)

Nilipanga mazishi tuyaone kwa intaneti hapa hapa kwetu Hallonbergen, huku Uswidi. Bahati, mpwa wa Riziki kule Uvira, aliazima kompyuta ya parokia na kimodemu cha simu. Jana jioni tukajaribu. Picha ikaja! Ilikuwa inakatika katika, lakini tuliona migomba nyuma ya nyumba, tukaona kuku, tukaona watu wanapita na viti vichwani. Riziki akasogea akagusa kioo cha televisheni kwa kidole. Jana ndiyo siku ya kwanza tangu Jumanne nimemwona anakula.

Hapo kichwa kikanivimba. Nikawapigia watu wa kanisani mmoja mmoja. "Njooni kesho. Mtaona kama mko Uvira!" Maneno yangu haya, sikulazimishwa.

Na watu wakaja. Kutoka Hässelby alikuja Mama Ansila, mzee aliyekua mtaa mmoja na marehemu. Masikio yake yamechoka na Kiswidi hakijui kabisa. Aliletwa na Désiré wa Vällingby. Désiré ni Mrundi, na ndiye mkalimani wa kanisa letu. Mchungaji mgeni akihubiri kwa Kiswidi, Désiré anasimama pembeni anatafsiri kwa Kiswahili. Mchungaji akipaza sauti, naye anapaza. Mchungaji akirusha mikono, naye anarusha. Ana kipaji yule bwana. (Mtaona.)

Watu walijaa hadi koridoni. Masufuria ya sombe (kisamvu) na maharage yalipangwa jikoni. Picha ya marehemu tuliiweka kando ya televisheni na mshumaa mbele yake. Riziki alikaa kiti cha mbele, amejifunga kitenge cheusi, mikono mapajani.

Nikawasha. Nikabonyeza. Hakuna kitu.

"Inachelewa kidogo," nikawaambia watu.

Binti yangu Neema alikuwa amechuchumaa karibu na kisanduku cha intaneti. "Pappa, det lyser rött." Taa imekuwa nyekundu.

"Naiona!" (Nilikuwa sijaiona.)

Nikachomoa, nikachomeka. Nikapuliza vumbi. Nikakipiga kibao kidogo, kama redio ya zamani. Taa nyekundu. Watu wakaanza kuimba taratibu ili kunisitiri. Kwenye simu ya Riziki ukaingia ujumbe wa Bahati: jeneza limeshatoka kanisani, wanaelekea makaburini.

Désiré akanisogelea. "Bwana, si uwapigie wenyewe?"

Nikaipigia kampuni ya intaneti. Na hapa ndipo nilipojichimbia shimo: nikaweka spika. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka watu wasikie ninavyowakoromea Waswidi kwa Kiswidi chao.

Kijana aliyepokea alikuwa mpole. Akaangalia jina langu. Akasema mkataba wangu umeisha leo, kwa sababu kampuni yangu ya umeme iliwaarifu kwa niaba yangu kwamba nahamia kwao.

Wimbo ukakatika. Riziki akageuka kwenye kiti.

"Baba Neema. Ile mambo ya umeme, si ulisema ulikatala?"

"Nilikataa!"

Na haki ya Mungu, niliamini nilikataa. Mwezi uliopita kampuni ile ya umeme ilikuwa haitupi nafasi. Chukueni umeme na intaneti kwetu, bili moja, na bei ya umeme tutawashushia. Mimi niliona ni jambo la maana. Riziki hakutaka hata kusikia. "Umeme ni umeme, intaneti ni intaneti," alisema. "Sasa ukigombana na mutu moja, anakuzimia vyote? Bon, utamulalamikia mu giza?" Tukabishana siku kadhaa, mwisho nikakubali yaishe. Tubaki tulivyo.

Muuzaji wao akanipigia nikiwa kazini ghalani, wakati wa chakula. Kijana mcheshi! Tukaongea, tukacheka, nikamshukuru. Jioni nikamwambia mke wangu: "Wale nimemalizana nao." (Makaratasi yao yenye rangi rangi yaliyokuja baadaye niliyatupa pamoja na matangazo ya piza.)

Tatizo ni kwamba kwenye simu mimi nina ugonjwa wa "ja, ja". Mtu akiongea, namwitikia "ja, ja", kama kwetu tunavyoitikia "ee, ee" ili mtu ajue bado upo. Sikujua kwamba hapa ukiitikia hivyo umeshatia sahihi.

Basi nikaipigia kampuni ya umeme. Jumamosi, na bado walipokea! Spika ile ile. Nikasimama katikati ya sebule, mkono kiunoni.

"Sijakubali kitu mimi! Ninyi ni matapeli! Tuna msiba hapa, nyumba imejaa watu!"

Dada wa upande wa pili akanipa pole. Akasema mazungumzo yangu na muuzaji yamerekodiwa yote. Je, ningependa kuyasikia?

"Weka! Weka watu wote wasikie!"

(Mimi. Ni mimi niliyesema hivyo. Kuna mashahidi.)

Mama Ansila akauliza kwa ile sauti ya asiyesikia, "Banasema nini?"

Désiré alikuwa amekaa kando yake. Akasafisha koo. Halafu, kwa mazoea tu, maskini, akasimama na kukunja mikono mbele kama yuko madhabahuni.

Sauti ya muuzaji ikatoka kwenye simu. Désiré akatafsiri: "Kwa hiyo unakubali tuunganishe umeme na intaneti kwako?"

Ikafuata sauti yangu, nimejaza chakula mdomoni. "Ja, ja! Just det!"

"Ndiyo, ndiyo!" akapaza Désiré, mkono juu. "Ni hivyo hivyo!"

Mtu mmoja nyuma akasema amina.

"Hutaki kwanza kuzungumza na mke wako?" akauliza muuzaji, kwa kinywa cha Désiré.

Hapo nikakumbuka. Sikukumbuka kidogo kidogo. Yote yalinirudia kwa mkupuo, hadi mlio wa kicheko changu. Nikaanza kutafuta kitufe cha kuzima spika. Jasho limejaa vidoleni. Nikabonyeza. Sauti ikaongezeka!

"Nej, nej," nikasikika nacheka.

"Hapana, hapana! Kwangu mimi ndiye bosi!" akatangaza Désiré.

Muuzaji akaeleza kwamba kutakuwa na siku kadhaa bila intaneti kabla hawajafunga ya kwao. Je, itakuwa shida?

Na mimi, wandugu zangu, kwa Kiswidi safi kuliko nilichowahi kuongea maishani, nikajibu. Désiré alianza kwa nguvu zake zote: "Shida gani? Anayeitumia ni mke wangu na mama yake..." Ndipo akaelewa anatafsiri nini. Sauti ikamfia. Mkono ukabaki hewani.

"Ongeza sauti!" akafoka Mama Ansila. "Sisikie!"

Désiré akanitazama. Akamtazama Riziki. Lakini ni mtu ambaye hajawahi kuacha sentensi njiani. Akafumba macho, akamalizia kwa mzee:

"Kila Jumapili wanaongea, wanaongea, hakuna la maana. Kateni hata mwezi mzima, nipumzike."

Rekodi ikaisha. Mshumaa unawaka. Picha ya mama mkwe inanitazama na lile tabasamu lake la upande.

"Umesikia?" akauliza dada wa kampuni. "Kuna kingine ninachoweza kukusaidia?"

Nikakata simu.

Mama Ansila akageuza kichwa huku na huku. "Huyu mwanaume ni nani? Na bibi yake anamuvumilia?"

Mtu mmoja koridoni akakohoa, na kile hakikuwa kikohozi.

"Mama Neema," nikaanza, "ule ulikuwa utani tu wa..."

"Nyamaza. Bahati anapiga."

Alikuwa ameshika simu yake. Sauti ya Bahati ikaja na upepo mwingi. "Shangazi, hatuwaoni. Mko wapi?"

"Tuko hapa, mwanangu. Picha hakuna. Wewe sema. Kila kitu unaona, uniambie."

Akaingia jikoni, akatoka na bakuli kubwa la saladi, tupu. Akaiweka simu ndani yake, juu ya meza, ili sauti ikue. Watu wakaacha viti, wakaja kuizunguka meza. Ndivyo tulivyomzika mama mkwe wangu. Ndani ya bakuli.

"Shangazi, kwaya wamevaa bluu," Bahati anasema. "Watu ni wengi, wengine wamesimama barabarani. Udongo umelowa, jana mvua ilinyesha. Sasa wanamshusha. Baba mdogo ameshika kamba ya mbele. Taratibu... Taratibu... Amefika."

Kwaya ikasikika kwa mbali. Humu ndani wakaudaka ule wimbo, wakawa nyuma kidogo ya wale wa Uvira, kama mwangwi. Mama Ansila hakuwa anasikia chochote. Alishika bakuli kwa mikono miwili, akainama, anausikiliza mtetemo kwa viganja.

"Shangazi, huu ni udongo wako. Namwaga mimi."

Riziki akanyoosha mkono juu ya bakuli, akafungua vidole. Tukasikia ule mlio. Mnaujua. Sitauandika.

Kisha simu ikakatika, salio la Bahati lilikuwa limeisha. Riziki akaliinamia bakuli akasema, "Aksanti."

Watu wakala bila kelele. Hakuna aliyenitazama, isipokuwa Neema, naye akatazama pembeni nilipomwona. Riziki aligawa chakula mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Mimi akanipa wa mwisho. Aliponikabidhi sahani hakuiachia mara moja.

"Unajua tulikuwa tunaongea nini kila Jumapili?"

Nikatikisa kichwa.

"Alikuwa anakuulizia wewe. Kama umepata kazi ya kukaa, uache kubeba mizigo. Kama mgongo umepona. Kila Jumapili, Baba Neema. Alikuwa anakuombea kwa jina."

Akaiachia sahani. Nikala sombe yote na sikusikia ladha.

Wageni walipoanza kuaga nikajitolea kumrudisha Mama Ansila kwake. (Kutoroka huwa kuna sura nyingi.) Désiré akatufuata. Tukabadilisha treni Fridhemsplan, tukakaa watatu. Treni ilipotoka chini ya ardhi kwenye mwanga, Mama Ansila akanigusa goti.

"Ile mwanaume ya mu simu. Munamujua?"

"Tunamjua kidogo, Mama."

"Mumwambie aende kwa bibi yake, apige magoti, aombe samahani. Asingoje kesho. Na asilete maneno mingi, iko na mudomo mingi sana."

Désiré akatazama dirishani, mabega yanatetemeka. Sijui alikuwa analia au vipi. Nimeamua alikuwa analia.

"Nitamwambia, Mama," nikasema.

Haya naandika nikiwa kwa Désiré, Vällingby, kwenye kompyuta yake. Chai wameniwekea, hawaniulizi kitu. Najikusanya tu kidogo, halafu narudi nyumbani kufanya alivyosema mzee. Naombeni asicheke mtu kabla ya Riziki. Na leo Riziki hajacheka.