Maktaba ya Wanachama, Katoni Mbili

Jumatatu, 9 Oktoba 2006
Leo nimekuwa mwanzilishi! Profesa Lin ameniazima kitabu chake juu ya maktaba ya kwanza ya wanachama kule Philadelphia, mwaka 1731. Nakala yake pekee. Ijumaa nawasilisha makala. Nikiboronga, ufadhili kwisha, narudi Singida. Nimesoma kurasa nane, zinatosha. Vijana walioianzisha waliweka vitabu vyao chumba kimoja, kila mtu asome vya wenzake. Mimi nashindwa nini? Naanzisha yangu hapahapa Guangzhou. Humphrey, mwenyekiti wetu wa wanafunzi, atakoma!

Jumanne, 10 Oktoba
Wanachama kumi na mmoja! Sharti: kila mtu alete kitabu. Edina kaleta vitatu vya udaktari, kwa tabasamu. Humphrey kaleta mwongozo wa friji, akauliza rafu ziko wapi na nani atavitunza. Eti haraka haraka haina baraka. Husuda tu.

Mama Leokadia, mfanyabiashara wa viatu kutoka Mwanza, kanipa kona ya stoo yake katika soko la Zhanxi na katoni mbili tupu. Akaniasa nifute kwanza alama yake ya mzigo. Nifute ya nini? Imeandikwa vizuri, kwa wino mwekundu. Katoni yenye alama ya tajiri inaheshimika. Kitabu cha Profesa nimekiweka juu kabisa, kionekane.

Alhamisi, 12 Oktoba
Balaa! Nimekwenda kuchukua kitabu, stoo tupu. Wapakiaji wamebeba kila chenye alama ya Mama, viatu na maktaba pamoja. Mbio hadi bandarini Huangpu. Wakala akasema mei you, hakuna, kontena limeshapigwa sili, litafunguliwa Dar es Salaam. Mama Leokadia akauliza kama nilifuta alama. Nikamwambia hayo tuyaache. Akasema mwanangu, wapakiaji hawasomi vitabu, wanasoma alama.

Edina ana mtihani Jumatatu. Hataki hata kuniona. Nimeumia, sifichi.

Ijumaa, 13 Oktoba
Nimewasilisha kurasa nane kwa madoido, nikahitimisha kwamba watu wa Philadelphia waliazimana vitabu raha mustarehe. Profesa akauliza ukurasa wa tisa unasemaje. Nikasema muda umeniishia. Akaeleza mwenyewe: vitabu vile havikutunzwa, na baada ya mwaka hivi kila mtu akabeba vyake akarudi navyo nyumbani. Ndipo wakaanza upya, kwa ada na mtunzaji. Kisha akaomba kitabu chake. Nikasema kiko safarini. Ufadhili umesimamishwa mpaka kirudi mkononi mwake.

Jumamosi, 14 Oktoba
Mungu si Athumani! Nimempigia simu Alphonce, mdogo wake Mama Leokadia, anayepokea mizigo Kariakoo. Muungwana kweli. Akasema kontena likifika tu, atanirudishia vitabu vyote kwa ndege, tena bure.

Nikamkatalia katakata. Humphrey ana tawi wapi? Mimi ninalo Dar! Nimemwagiza avigawe kwa wateja wa viatu, kila mtu na chake, wasome kwa nafasi. Majina asiandike, tunaaminiana. Na kile cha Profesa ampe mteja anayetoka mbali kuliko wote, sifa zetu zifike Kigoma.