Mshenga na Kipaza Sauti

Leo nimejivua nguo mbele ya ukoo wa watu. Sikuvuliwa na mtu. Nimejivua mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa nimekaa sebuleni hapa Edmonton, London, nimevaa shati la kitenge na nimejipaka mafuta mpaka nang'aa.

Ngoja nianzie mwanzo, maana hata mimi bado sijaelewa vizuri kilichonipata.

Mnamjua Baraka, tunayekaa naye nyumba moja. Baraka ana mchumba Morogoro, anaitwa Upendo, mwaka wa tatu sasa. Mwaka jana alipeleka barua ya posa, ukoo wa Upendo ukairudisha. Walisema vijana wa Ulaya wanaposa kwa maneno matamu halafu wanapotea. Safari hii wamekubali kusikiliza mara moja tu, kwa video, na tunajua kuna mwalimu wa sekondari pale pale Morogoro anayemtaka Upendo na anaomba Baraka akwame. Kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa leo. Saa saba mchana kwa hapa, saa kumi kwa kule. Na mila yao ni kwamba anayeposa haonekani wala hasemi. Anasema mshenga.

Mshenga ni mimi. (Nilijitolea. Tena nilimwambia Baraka, "We nenda kazini, niachie mimi hao wazee." Akaenda.)

Simu yangu kamera yake imekufa, ikabidi nitumie laptop. Hiyo laptop ni kuukuu. Ilifika mahali ukiiwasha unakwenda kuoga, unarudi, bado inafikiria. Kuna Mkenya anaitwa Wanjiru, ana kibanda cha kutengeneza kompyuta ndani ya soko kule Tooting, ndiye aliyeifuta yote akaniwekea mfumo mwingine, Linux. Aliniuliza niwekewe lugha gani. Kwa uzalendo wangu nikasema Kiswahili. Akanitazama, akasema, "Sawa, lakini utanipigia simu." Ikatoka nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kama watoto wetu wanaozaliwa hapa. Kamera ya laptop nayo ilikuwa mbovu, nikanunua ile ya kuchomeka pembeni, yenye maiki yake ndani.

Saa saba kamili wakatokea. Watu wanane, wamejipanga kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe. Katikati alikaa baba mkubwa wa Upendo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Kushoto kwake bibi yake Upendo, amejifunga khanga. Kulia, shangazi mmoja mnene ambaye alikuwa amenuna kabla hata sijafungua mdomo. Upendo mwenyewe hakuwepo, mila inamtaka akae chumbani.

Nikawaamkia, "Shikamooni wazee wangu." Nikaona midomo inaitikia. Nikashusha maneno yangu niliyoyafanyia mazoezi wiki nzima. Kwamba nimetumwa, kwamba bustanini kwao kumeonekana ua, kwamba kijana wetu anaishi nyumba ya ghorofa na kazini ni msimamizi. Nilipomaliza nilijipongeza kimoyomoyo.

Baba mkubwa akajibu. Nikaona midomo inakwenda, mkono unapanda, kidole kinahesabu hoja. Sauti hakuna. Hata mkwaruzo.

Mtu mwenye akili angesema, "Samahani baba, siwasikii." Mimi nikafikiri haraka haraka (hapo ndipo ninapoharibu kila kitu) nikaona kwamba mshenga asiyesikia ni nuksi. Watasema huyu hata kusikia hajui, huyo kijana wake ataaminika vipi? Basi nikawa natikisa kichwa kukubali. Akisema kidogo, natikisa. Akinyamaza akanitazama, natikisa zaidi na kutabasamu. Kuna mahali alinitazama kwa muda mrefu sana, nikaona kutikisa hakutoshi, nikamwonyesha dole gumba.

Hapo wakaanza kutazamana.

Nikaona mambo yanaharibika. Nikachukua simu, nikaishika chini ya meza, nikampigia Wanjiru na kumweka kwenye spika, huku uso wangu umebaki kwenye kamera unatabasamu. Nikamweleza kwa kunong'ona kwamba niko katikati ya posa na laptop imekuwa bubu.

"Fungua pale pa sound," akasema. "Unaona nini hapo kwa screen?"

Nikasoma. Dummy Output.

Sasa, nyinyi wa London mnajua dummy ni nini. Ni ile chuchu ya plastiki anayowekewa mtoto mdomoni ili anyamaze. Nikamwambia Wanjiru laptop yako imewekewa chuchu. Alicheka mpaka nikasikia mteja wake anamwuliza kama yuko salama. Akanifafanulia kwamba laptop haizioni spika zake, kwa hiyo sauti inapelekwa mahali pa uongo, mahali ambapo hapapo. Nikamwuliza, sasa maneno ya baba mkubwa yanakwenda wapi? Akasema hayaendi popote. Jambo hilo lilinichanganya sana, maana mzee wa watu alikuwa bado anaongea.

Wanjiru akauliza volume iko wapi. Nikatazama. Chini kulikuwa na mstari mwingine umeandikwa Kipaza sauti, uko katikati. Nikamwambia kipaza sauti kiko nusu.

"Kipaza sauti ndio nini? Speaker?"

Ndugu zangu, mimi kipaza sauti ninachokijua tangu utoto ni kile kibomba cha juu ya gari la matangazo, kinachokuamsha ukiwa umelala. Nikamwambia ndiyo, spika hiyo hiyo.

"Basi ipandishe mpaka mwisho."

Nikaipandisha mpaka mwisho, ikapita mia. Nikasogea karibu na kamera, nikasema, "Haloo, wazee wangu!"

Watu wote wanane wakaruka, wakaziba masikio. Bibi akajifunika khanga kichwani.

Nikamwambia Wanjiru, "Umeona? Wananionyesha masikio. Hata wao hawanisikii." Akasema inawezekana, chuchu ni chuchu. Kijana mmoja upande ule akainuka, akaninyooshea rimoti. Sikuelewa ananinyooshea rimoti ya nini. Baada ya hapo wakatoa mikono masikioni, wakakaa kimya, wananitazama bila kupepesa. Nikadhani picha imeganda.

Nawaomba mnielewe hali niliyokuwa nayo. Mimi siwasikii, wao hawanisikii, picha imeganda. Mtu ukijua husikiki, ulimi unalegea.

Wanjiru akataka kujua hao watu wanafanya nini. Nikaacha kunong'ona, nikamweleza vizuri. Nikamwambia katikati kuna mzee anayeongea kama anasoma taarifa ya habari, sijui hata anasema nini, mimi natikisa kichwa tu kama mjusi. Nikamwambia kuna shangazi amenuna kama vile yeye ndiye anayeolewa na hakuulizwa. Wanjiru akauliza mimi nimewaambia nini. Nikasema nimewapamba kidogo. Nyumba ya ghorofa ni kweli ina ghorofa, ila tunakaa wanne na bafu ni moja. Na usimamizi si uongo, kule ghalani Baraka anasimama saa nane mfululizo.

Simu ikaanza kupokea simu nyingine. Upendo. Nikaikata. Akapiga tena, nikakata. (Nilidhani ana haraka ya majibu, nikasema moyoni wanawake wa siku hizi hawana subira.) Akapiga mara ya tatu, nikakata.

Wanjiru akaniuliza, "Lakini huyo Baraka anampenda huyo msichana kweli, ama ni story za kuoa tu?"

Hapo nikachukia kidogo. Nikamwambia, "Wanjiru, usicheze. Leo asubuhi nimemkuta Baraka jikoni anapiga pasi shati jeupe. Jana kaenda kinyozi. Nikamwuliza unakwenda wapi na shati jeupe, si unakwenda kubeba maboksi? Hakuna atakayekuona. Akaniambia, 'Leo naposa. Siwezi kuposa nikiwa mchafu.' Akalivaa, akapanda basi. Jumapili hafanyi kazi hata wamwongeze nini, kwa sababu ndiyo siku Upendo anapumzika waongee. Huyu mtu akikataliwa leo mimi sijui nitamtazama vipi akirudi. Naogopa. Nimemwambia aniachie mimi hawa wazee, na sasa nimemharibia."

Wanjiru akasema kwa upole, haya, turekebishe hii kitu.

Akanielekeza kufungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akanitajia maneno herufi kwa herufi. Nikaandika. Ikataka password. Nikabonyeza, hakuna kinachotokea, hata nyota hazitokei. Nikamwambia sasa na kibodi imekufa. Akasema hapana, Linux ndivyo ilivyo, andika tu hata kama huoni. Nikaandika kitu nisichokiona kwa ajili ya sauti nisiyoisikia. Ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa.

"Ulikuwa umeweka gani? Niambie."

Nikamtajia kwa sauti, pole pole, asije akakosea. "Tajiri mtarajiwa. Yote pamoja, herufi ndogo."

Kwenye kioo nikamwona shangazi mnene anaangukia ubavu kwenye mto wa kochi, mabega yanatetemeka. Nikajua picha haijaganda. Nikadhani amezidiwa, nikashangaa mbona hakuna anayempepea.

Nikaandika tena taratibu. Ikakubali. Laptop ikatoa mlio mdogo, tak. Na sauti ikaja yote kwa pamoja.

Kilikuwa ni kicheko. Cha watu wanane. Shangazi alikuwa anacheka huku analia, anasema, "Sikuulizwa jamani, kweli sikuulizwa." Yule kijana wa rimoti alikuwa amekaa chini sakafuni. Nyuma yao nikasikia sauti yangu mwenyewe inarudi, kubwa, inatoka kwenye televisheni yao: "Wanjiru, wanacheka nini hawa?"

Wanjiru, ambaye sasa na yeye anawasikia kupitia laptop, akauliza taratibu, "Fadhili. Hiyo kipaza sauti... ilikuwa imechorwa nini hapo kando?"

Nikatazama. Kando yake kulikuwa na kipicha kidogo. Cha maiki.

Sikujua niweke wapi uso. Ndipo nikaelewa Upendo alikuwa anapiga kunionya. Nilikata simu ya Wanjiru bila kuaga. Nikafikiria kuzima laptop na kusema umeme umekatika, lakini nikakumbuka niko London.

Baba mkubwa akafuta macho kwa leso, akakaa sawa, akarudi kwenye ule uso wake wa taarifa ya habari. "Mshenga," akasema. "Tunakusikia tangu salamu. Tumekusikia mno."

Nikasema, "Shikamoo baba." (Ndiyo. Mara ya pili.)

"Marahaba. Sasa tuweke sawa kumbukumbu. Tulikuuliza kama kijana anakunywa pombe, ukatikisa kichwa kwamba ndiyo, kwa furaha. Tukakuuliza kama amewahi kufungwa, ukakubali. Tukakuuliza kama ana mke mwingine huko huko London."

Nikajua kinachokuja.

"Hapo ukatuonyesha dole gumba."

Nikaanza kujitetea. Nikawaambia hanywi, hajafungwa, mke hana, hata paka hana, mwenye nyumba hataki. Nikaomba radhi kwa wazee, kwa shangazi peke yake, kwa nyumba nzima. Nikasema kosa ni langu, wasimhukumu Baraka kwa mdomo wangu. Nilisema hivyo haraka haraka, maana kichwani nilikuwa namwona yule mwalimu wa sekondari anajifunga tai.

Bibi akainua mkono, wote wakanyamaza. Aliongea akiitazama kamera moja kwa moja.

"Huyo kijana wa shati jeupe, mwambie tumempokea. Mwaka jana tulirudisha barua kwa sababu ilijaa ghorofa na vyeo, tukaona hakuna mtu mle ndani. Leo tumemwona mtu." Akavuta khanga yake begani. "Lakini siku ya kuleta mahari tafuteni mshenga mwingine. Wewe baki huko huko kwenye ghorofa."

Ukoo mzima ukaitikia kwa pamoja, "Abaki!" Shangazi akapiga kigelegele. Mimi, mshenga mkuu, nikafukuzwa kazi na kupongezwa kwa wakati mmoja, na sikujua nitikise kichwa au nisitikise.

Baraka kapiga wakati wa mapumziko yake. Dakika kumi na tano tu, baada ya hapo simu inafungiwa kabatini. Nikamwambia wamekukubali. Nikasikia mashine za ghala nyuma yake. Halafu akaniuliza, "Uliwaambia nini mpaka wakakubali?"

Nikamwambia niliwaambia ukweli mtupu.

Akanishukuru mpaka nikaona vibaya. Akasema hata siku ya mahari hamtaki mtu mwingine, ni mimi tu.

Sasa wapendwa, Baraka yumo humu kwenye group, na simu yake inatoka kabatini saa kumi na mbili jioni. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, halafu afute.