Tairi Isiyo na Utumbo

Jumanne, 11 Juni 2024
Séraphine wa kituo cha afya amekuja na velo, baiskeli ya kupanda milima! Ile aliyoachiwa na Muzungu wa chanjo. Mwiba umetoboa tairi ya nyuma. Nimeifungua: haina mupira wa ndani. Haina utumbo! Inabeba maji meupe yanayoziba matundu, na chupa ya maji hayo Muzungu amerudi nayo Ulaya. Jumamosi lazima chanjo za watoto zifike vijiji vya njia ya Zongwe. Asipokwenda, barafu inayeyuka, dawa inaharibika. Nimemwambia alale usingizi, mimi ni fundi, nimefika Kigoma mara tatu. Aristide, fundi wa upande wa pili wa barabara, eti tutie mupira wa ndani wa kawaida tu. Nimecheka mupaka nimekaa chini. Mambo ya enzi za papa, baba yangu!

Jumatano, 12 Juni
Nimemukumbuka papa. Alikuwa anazamisha mupira katika beseni, sisi watoto tunatafuta mapovu. Muntu wa kwanza kuyaona anapandishwa velo mupaka daraja la Lukuga. Kila mara ni Séraphine. Mimi nilikuwa nayaona kabla yake, nanyamaza. Mupaka leo hajui.
Kazi sasa. Maji meupe, mazito, yenye kuziba... Dada yangu Mamie alikuwa anapika uji wa muhogo. Njo yenyewe, ndiyo hasa! Nimemimina lita nzima, nimepiga pompi. Upepo umekaa! Mamie amekunywa chai kavu, kwa ajili ya sayansi.

Ijumaa, 14 Juni
Tairi ni ngumu kuliko jana, na sijaigusa! Inajipulizia yenyewe. Hata Ulaya hawajafika hapa. Inanuka kidogo. Aristide amepita, amenusa, ameuliza: Papa Omer, unatengeneza velo ao unapika pombe ya lotoko? Wivu.

Jumamosi, 15 Juni
Wamama wamejaa mbele ya kituo kutazama safari. Séraphine amefunga sanduku la barafu nyuma, jua linachoma. Amekanyaga mara tatu. Puu! Tairi imeruka kutoka kwenye chuma chake, uji wote kwenye blauzi nyeupe. Kuku wamekuja mbio, na familia zao. Sanduku halikuguswa, asante Mungu.
Aristide amekuja na mupira wa ndani tayari mukononi. Hiyo njo iliniuma. Ameosha tairi, ametia mupira, dakika ishirini. Nimemushikia pompi. Séraphine, akipangusa uji kwenye nyusi, amecheka mupaka machozi, akasema mbele ya wote: Omer, tangu darasa la tatu wewe ni yule yule! Kisha akaenda. Jioni amerudi salama. Watoto arobaini na wawili wamechanjwa.

Jumapili, 16 Juni
Yule yule! Miaka thelathini, na bado ananiona kijana. Mwanamuke hasemi hivyo kwa muntu asiyemupenda.
Nimechunguza pia. Kosa halikuwa la uji, lilikuwa la jua. Penye baridi uji hauchachi, kila muntu anajua. Na baada ya misa, Papa Ruben muvuvi amenung'unika kwamba mutumbwi wake unavuja. Mutumbwi! Ndani ya maji baridi, usiku na mchana! Nimemwambia asimuite fundi yeyote, nitamuzibia bure.
Mamie ameficha sufuria. Nimeipata.